Vidonge vya kranberi na UTI inayojirudia: vinakinga nani, na nini haviwezi kutibu

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mtu anapouliza humu afanye nini na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inayojirudia, haipiti saa moja kabla hajashauriwa ameze kranberi. Ushauri huo una ukweli, ila ni ukweli uliokatwa nusu, na ile nusu iliyoachwa ndiyo iliyonilaza hospitalini siku nne. Tangu siku hiyo nimesoma sana, nimewasumbua madaktari wawili na mfamasia mmoja kwa maswali, na naomba niyaweke hapa niliyoyapata ili mwenye kopo la vidonge mkononi ajue ameshika nini.

Nianze na yaliyonikuta. Nilikuwa nimeugua UTI mara tatu ndani ya miezi minane. Ya nne ilianza usiku: haja ya kwenda chooni kila baada ya dakika kumi, matone machache yanayochoma, na ile hisia kwamba kibofu hakijaisha hata ukikaa hapo mpaka miguu ife ganzi. Nilikuwa na kopo la vidonge vya kranberi, mbele yake pameandikwa kwamba ni kwa afya ya njia ya mkojo. Nikameza viwili, baada ya saa sita nikameza viwili tena, nikanywa maji kwa wingi, na kesho yake mchomo ulipopungua kidogo nikaamini nimepona. Siku ya tatu alasiri nikaanza kutetemeka, meno yakigongana, hali nimejifunika mablanketi mawili. Daktari alipogonga taratibu kwa ngumi chini ya mbavu zangu za nyuma, upande wa kulia, nililia kwa sauti. Bakteria walikuwa wamekwisha kupanda hadi kwenye figo.

Kopo lile halikuwa limeandikwa uongo. Mimi ndiye niliyelitwika kazi ambayo si yake, na ili kuelewa kwa nini si yake, inabidi kujua tunda hili linafanya nini hasa.

Kranberi ni tunda dogo jekundu, chachu mno, lenye asili ya Amerika Kaskazini. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba linasaidia kwa kuutia mkojo ukali wa asidi, kwa kuwa mwili huigeuza asidi fulani iliyomo katika tunda kuwa asidi ya hipuriki. Hesabu haikukubali, maana kiasi ambacho mtu anaweza kunywa kwa siku hakitoshi kuubadilisha mkojo kiasi cha kumdhuru bakteria. Mwaka 1984 mtafiti Anthony Sobota alionyesha jambo jingine kabisa, kwamba juisi ya kranberi inawazuia bakteria wa E. coli kunata kwenye seli, na mwaka 1998 Amy Howell na wenzake wakavitambua viambata vinavyofanya kazi hiyo, yaani proanthosayanidini za aina A, ambazo kwa kifupi huandikwa PAC.

Hapo kwenye kunata ndipo habari yote ilipo. E. coli husababisha takriban asilimia 80 ya UTI za kawaida za kibofu. Makazi yake ni utumbo mpana, ambako mara nyingi hana ugomvi na mtu. Taabu huanza anapovuka nafasi ile fupi kutoka njia ya haja kubwa na kuingia kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi na kwa mwanamume 20 hivi, na tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi kuhusu nani huugua zaidi. Akiwa humo, kila unapokojoa anapigwa na mkondo ambao ungetosha kumsomba. Kinachomwokoa ni vinyweleo vilivyouzunguka mwili wake, vyenye ncha zinazong'ang'ania ukuta wa kibofu kama mbegu za kishonanguo zinavyong'ang'ania pindo la nguo. Kranberi huvuruga mshiko huo. Bakteria asiyeshika hutoka na mkojo kabla hajazaliana.

Niongeze jambo ambalo matangazo hayalisemi: PAC zenyewe hunyonywa kidogo sana na utumbo, kwa hiyo zinazofika kwenye mkojo zikiwa nzima ni chache, na watafiti wengi wanaona kwamba sehemu ya kazi hufanywa na masalia yanayobaki baada ya vijidudu wa tumboni kuzivunjavunja. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kumeza kidonge kilekile, na mkojo wa mmoja ukapata kinga kuliko wa mwenzake.

Sasa turudi kwenye usiku wangu. Kizuizi cha kunata kina maana kabla bakteria hajanata. Akishashika, akazaliana, na wengine wakapenya ndani ya seli za ukuta wa kibofu, kumeza kitu cha kuzuia kushika ni kufunga zizi baada ya fisi kuingia. Mchomo uliokwisha kuanza unahitaji kupimwa mkojo, na mara nyingi unahitaji antibiotiki iliyochaguliwa vizuri. Ukiona homa, kutetemeka, kutapika, au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, usingoje kesho.

Swali la pili ni la kipimo, na hapa naomba uchukue kopo lako ulisome nami. Langu lilikuwa na maandishi makubwa mbele: miligramu 25,000. Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, palieleza kwamba kila kidonge kina miligramu 500 za dondoo, ambazo ni sawa na miligramu 25,000 za tunda bichi. Maana yake ni kwamba mtengenezaji amehesabu mkusanyiko wa 50 kwa 1, akaandika namba kubwa mbele. Kati ya namba hizo mbili hakuna hata moja inayokwambia kuna PAC kiasi gani, na PAC ndizo unazozitafuta. Kiasi kinachotajwa zaidi katika tafiti ni miligramu 36 za PAC kwa siku, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ufaransa ilikitumia kiwango hicho mwaka 2004 iliporuhusu maelezo kwamba kranberi husaidia kupunguza kunata kwa baadhi ya E. coli. Kopo langu halikuitaja PAC popote.

Hata inapotajwa, uliza imepimwa vipi. Kuna njia kadhaa za maabara, na sampuli ileile inaweza kutoa namba zinazotofautiana mno kwa njia mbili tofauti. Inayotumika sana kwa kranberi huitwa DMAC. Tena kuna PAC za aina B, zinazopatikana kwa wingi katika mbegu za zabibu, ambazo ni rahisi kuchanganywa ndani ya unga na kuipandisha namba, lakini uwezo wake wa kuzuia mnato wa E. coli ni mdogo. Ndiyo maana kopo lililoandika "PAC miligramu 36, kwa DMAC" nalipa uzito kuliko lililoandika maelfu ya miligramu za tunda.

Naomba maoni, hasa kutoka kwa wahudumu wa afya waliomo humu. Kama nimekosea mahali, nisahihishwe.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Dada, pole kwa yaliyokukuta, na asante kwa kuandika kwa utulivu. Hata hivyo nina shaka. Nakumbuka kusoma kwamba mapitio makubwa ya tafiti yalishahitimisha kuwa kranberi haisaidii kitu, halafu miaka michache baadaye tukaanza kuambiwa inasaidia. Zaidi ya hayo, tafiti nyingi zinalipiwa na hao hao wanaouza juisi. Kwa nini tuamini?

MLETA UZI

Shaka yako ni halali kabisa, kaka, na nilipitia njia hiyohiyo. Mapitio unayoyakumbuka ni ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaozipitia tafiti za tiba kwa pamoja, ya mwaka 2012, yaliyokusanya tafiti 24 zenye washiriki 4,473, na ni kweli yalisema faida haionekani. Mwaka 2023 Cochrane walirudia kazi hiyo wakiwa na tafiti 50 na washiriki 8,857, na mara hii picha ikabadilika kwa makundi matatu. Kwa wanawake wenye UTI zinazojirudia, hatari ilipungua kwa takriban asilimia 26. Kwa watoto, asilimia 54. Na kwa watu waliokuwa katika hatari kwa sababu ya matibabu, kama vile mionzi ya kibofu, asilimia 53. Kwa wazee wanaotunzwa katika vituo, wajawazito, na watu ambao kibofu chao hakiishi mkojo vizuri, faida haikuonekana.

Tazama hiyo asilimia 26 kwa macho makavu. Mwanamke aliyekuwa akiugua mara nne kwa mwaka anaweza kutarajia kuugua mara tatu. Kwa aliyeumwa, mara moja pungufu ni kitu kikubwa, lakini bado ataugua hizo tatu.

Kuhusu fedha za tafiti, uko sawa. Utafiti wa mwaka 2016 wa wanawake 373, ambao walipewa mililita 240 za kinywaji cha kranberi kwa siku na wakaugua mara 39 dhidi ya 67 za wenzao, ulifadhiliwa na Ocean Spray, kampuni inayouza juisi ya kranberi. Lakini upo pia ule wa mwaka 2011 wa wanafunzi wa chuo 319, ambapo waliokunywa juisi ya kranberi waliugua tena asilimia 20 na waliokunywa ya bandia asilimia 14, yaani hapakuwa na faida yoyote. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliupima ushahidi huo wote mwezi Julai 2020, ikaruhusu maelezo yenye masharti tu kwa wanawake wenye afya waliowahi kuugua UTI, huku ikilazimisha kutaja kwamba ushahidi ni mdogo. Nami naona hapo ndipo ulipo.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi namtunza mama yangu mwenye umri wa miaka 84. Mkojo wake una harufu kali, na kila tukipima tunaambiwa una bakteria. Halalamiki maumivu wala homa. Nampa vidonge vya kranberi asubuhi na jioni kwa mwaka wa pili sasa. Niendelee?

MLETA UZI

Ndugu yangu, kwa hali ya mama upo utafiti unaokaribia sana kumhusu. Mwaka 2016 lilichapishwa jaribio lililofanyika katika nyumba 21 za kulea wazee huko Marekani, kwa wanawake 185 wenye wastani wa umri wa miaka 86. Nusu walipewa kapsuli mbili kwa siku zenye jumla ya miligramu 72 za PAC, yaani maradufu ya kipimo cha kawaida, kwa mwaka mzima. Bakteria katika mkojo hawakupungua kuliko kwa waliopewa kapsuli tupu.

La muhimu zaidi kwa mama ni hili: bakteria kwenye mkojo wa mzee asiye na dalili ni jambo la kawaida mno, na miongozo ya tiba inasema wasitibiwe, kwa sababu antibiotiki hazimpi faida na zinawalea bakteria sugu. Harufu peke yake si UTI. Mara nyingi ni mkojo mzito wa mtu anayekunywa maji machache. Muulize daktari pia kuhusu krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni. Baada ya kukoma hedhi, kuta hukonda na bakteria wazuri wa ukeni hupungua, na E. coli hupata njia nyeupe. Katika utafiti wa mwaka 1993 wa wanawake 93, waliotumia krimu hiyo waliugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, na wasioitumia mara 5.9. Sijaona kidonge chochote cha kranberi kikikaribia hapo.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi ni mfamasia, na naunga mkono sehemu kubwa ya yaliyoandikwa. Niongeze matatu kwa haraka.

Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda amwambie daktari wake kabla ya kuanza kranberi. Mwaka 2003 mamlaka za Uingereza zilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za wagonjwa ambao damu yao ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha hatari kubwa kwa kiasi cha kawaida, lakini kupima kuganda kwa damu mara moja zaidi hakugharimu kitu kikilinganishwa na kutokwa damu ndani ya mwili. Pili, juisi nyingi za kranberi hutiwa sukari nyingi kwa sababu tunda lenyewe halinyweki kwa ukali wake, hivyo mwenye kisukari asome kopo mara mbili. Tatu, aliyewahi kupata mawe ya figo aina ya oksaleti awe na kiasi.

Watu huniuliza pia iwapo kranberi inaweza kuchukua nafasi ya antibiotiki ya kujikinga. Mwaka 2011 Waholanzi waliwalinganisha wanawake 221 kwa mwaka mzima. Waliotumia antibiotiki waliugua wastani wa mara 1.8, na waliotumia kranberi mara 4.0. Antibiotiki ilishinda waziwazi, isipokuwa kwamba ndani ya mwezi mmoja wengi wa kundi hilo walikuwa tayari wanabeba E. coli sugu, jambo ambalo halikutokea kwa kranberi. Mgonjwa akiniambia anaogopa usugu na yuko tayari kuvumilia UTI moja moja, siwezi kumwambia kwamba amekosea.

MCHANGIAJI WA NNE

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na amekutwa na bakteria kwenye mkojo ingawa hasikii chochote. Kwa jinsi nilivyosoma jibu la juu kuhusu mzee asiye na dalili, naelewa kwamba tuache tu?

MCHANGIAJI WA TATU

Hapana, kaka, na asante sana kwa kuuliza. Mjamzito hutibiwa hata kama hana dalili, kwa sababu bakteria hao wakiachwa hupanda kwa urahisi hadi kwenye figo, na maambukizi ya figo katika ujauzito ni hatari kwa mama na mtoto. Mpeleke kliniki wiki hii, apewe dawa inayofaa ujauzito, na mkojo uoteshwe tena maabara baada ya dozi, kuona kama bakteria wamekwisha. Kranberi haimo katika mpango huo.

MCHANGIAJI WA TANO

Dada mleta uzi, je, maji? Na ile sukari ya D-manosi inayouzwa pamoja na kranberi? Mimi nimeugua mara tatu mwaka huu na nimechoka.

MLETA UZI

Pole sana, mdogo wangu. Kitabibu, mara mbili ndani ya miezi sita au tatu ndani ya mwaka tayari huitwa UTI inayojirudia, kwa hiyo una haki ya kumwomba daktari akufanyie uchunguzi kamili, usikubali kuandikiwa dozi ileile bila mkojo kuoteshwa.

Maji yana ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 wenye tatizo kama letu, ambao walikuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Walioongeza lita 1.5 juu ya kawaida yao waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka, na wengine mara 3.2. Sababu yake ni ileile ya mkondo: ukikojoa mara nyingi, bakteria anakosa muda wa kutulia. D-manosi nayo iliingia kwa matumaini makubwa, lakini jaribio la Uingereza lililotolewa mwaka 2024, la wanawake 598 waliotumia gramu 2 kila siku kwa miezi sita, halikuonyesha faida ya maana. Kama unatumia dawa ya kuua mbegu za kiume ukeni au kondomu zilizopakwa dawa hiyo, zungumza na daktari kuhusu njia nyingine, kwa sababu huwaua bakteria wazuri na kumwachia E. coli nafasi.

MCHANGIAJI WA TANO

Nimekuelewa, dada. Swali la mwisho: wewe mwenyewe bado unatumia kranberi, au uliacha?

MLETA UZI

Natumia. Nilibadilisha kopo, nikachukua lenye miligramu 36 za PAC, na huu ni mwezi wa saba. Kwenye kalenda ya ukutani naweka alama kila siku niliyomeza na kila siku niliyokunywa maji ya kutosha, kwa sababu bila alama hizo ningekuwa nakisia tu.

Ndani ya miezi hiyo nimeugua mara moja. Ilianza alfajiri, na safari hii sikugusa kopo. Nilijisafisha, nikaacha mkojo wa mwanzo upite, nikakinga wa katikati kwenye kichupa safi nilichokuwa nimepewa na maabara, nikakipeleka kabla ya kumeza chochote. Daktari alinianzishia antibiotiki ya nitrofurantoini siku hiyo hiyo, kwa siku tano, na matokeo ya kuotesha yaliporudi yalionyesha E. coli aliyekuwa sugu kwa dawa mbili nilizopewa mwaka uliotangulia, lakini si kwa hiyo. Siku ya pili mchomo uliisha. Tumekubaliana na daktari kwamba nikifikisha mwezi wa kumi na mbili wa kumeza vidonge tutaihesabu kalenda pamoja, na kama idadi haijashuka chini ya ile ya mwaka jana, nitaacha vidonge na kubaki na maji.